Mama mdogo anataka tuandike kuwa tutamaliza udumavu, mimi siuoni mshale unaofika huko

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina miaka 29 na ni afisa miradi wa shirika dogo hapa mkoani Iringa. Ofisini tuko watano tu: mkurugenzi, mimi, mhasibu, dereva na binti wa mapokezi. Nakuandikia kwa sababu karatasi moja imenigombanisha na mtu ninayemheshimu kuliko wote walio hai.

Mkurugenzi wetu ni mama yangu mdogo. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la sita, na yeye ndiye aliyenichukua, akanilea na kunisomesha hadi chuo kikuu. Ni muuguzi mstaafu, na shirika alilianzisha kwa kiinua mgongo chake. Tunafundisha lishe akina mama wenye watoto wadogo. Tunakwenda kijijini, tunapika pamoja nao, tunaeleza makundi ya chakula, unyonyeshaji na namna ya kuboresha uji wa mtoto kwa karanga, maziwa au yai. Akina mama wanampenda. Akipita sokoni haishi kusimamishwa, huyu anamwonyesha mtoto, yule anamuulizia dawa ya kikohozi.

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake mwanzoni mwa 2025, mashirika makubwa tuliyokuwa tukifanya nayo kazi yamepunguza watu au yamefunga kabisa. Ruzuku yetu ndogo ilipitia kwa mmoja wao, ikaishia hapo. Sasa hivi tunaenda ofisini bila mshahara. Dereva ameanza kuendesha bodaboda jioni.

Sasa taasisi moja ya Ulaya imetangaza ruzuku ya miezi 18 kwa miradi ya lishe, na fomu yao inataka modeli ya mantiki. Ni ukurasa mmoja wenye visanduku vitano vilivyopangwa kutoka kushoto kwenda kulia: rasilimali, shughuli, mazao ya shughuli hizo, matokeo, halafu mabadiliko ya muda mrefu. Kati ya kisanduku na kisanduku kuna mshale. Chini wameacha nafasi ya kuandika mambo ambayo ni lazima yawe kweli ili mishale hiyo ifanye kazi.

Mama mdogo ameshajaza kisanduku cha mwisho kwa mkono wake: "Udumavu mkoani Iringa umepungua kutoka asilimia 57 hadi asilimia 30." Asilimia 57 aliitoa kwenye utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022, na 30 ndiyo wastani wa nchi nzima katika utafiti huohuo. Sisi tutafanya kazi vijiji vinane, na akina mama 240. Nilipomwonyesha hesabu hiyo akaniambia, "Mwanangu, hawa watu wanasoma maandiko kwa mamia. Wakikuta letu linaahidi kidogo, wanaliweka pembeni."

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo linaloniumiza.

Nilipoanza kuchora mishale nilijikuta najiuliza maswali. Tukifundisha, akina mama watajua. Sawa. Wakijua, watoto watalishwa vizuri. Hapo kalamu ilikwama. Februari, wakati wa palizi, nilikwenda kufuatilia wahitimu wetu wa zamani katika kijiji kimoja. Nilimkuta mama mmoja alfajiri, jembe begani, anatoka. Nikamuuliza makundi ya chakula, akayataja yote bila kukosea hata moja. Mtoto wake wa miezi kumi alikuwa anabaki kwa bibi yake na uji mweupe kwenye chupa ya chai, uji wa kumfikisha jioni. Mayai yapo, lakini anayauza ili apate hela ya mbolea. Nyumba nyingine nilikuta hali hiyohiyo, na wengine wamekwenda vibarua vya chai Mufindi, wanarudi mwisho wa juma. Nilirudi nikaandika kwenye daftari: "Hawakosi elimu. Wanakosa muda."

Nilimweleza mama mdogo. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo unasema miaka yote hii nimekuwa nikipoteza muda wa watu?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile anazungumza nami kama mkubwa wa kazi, si kama mama. Chai ya saa nne hatunywi tena pamoja.

Kuna mshauri mwelekezi wa Dar es Salaam anayesema ataandika andiko lote, modeli ikiwemo, kwa violezo vyake ambavyo anadai vimeshapata fedha kwingine. Anataka asilimia kumi ya ruzuku tukiipata. Mhasibu anaona huo ndio mlango. Siku ya mwisho ya kutuma ni mwisho wa mwezi ujao, na jina langu ndilo litakaloandikwa kama mratibu wa mradi.

Nikiandika anavyotaka, najua nadanganya. Nikiandika ninavyoona, nitakuwa nimemdhalilisha mtu aliyenilea, na huenda nikafunga shirika. Nifanyeje?

Afisa Miradi, Iringa

*

Marahaba mwanangu, na kamwene.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, maana ndani yake kuna mambo mawili yaliyofungwa kamba moja, na nadhani yakifunguliwa kila moja litabebeka. La kwanza ni la fomu: kisanduku cha mwisho kina ahadi ambayo mradi wa vijiji vinane hauwezi kuibeba. La pili ni la nyumbani: mshale ulioutilia shaka umesikika masikioni mwa mama yako mdogo kama hukumu juu ya maisha yake. Unaniuliza ufanyeje kana kwamba ni jambo moja, yaani uwe mkweli au uwe mtoto mwema. Sina uhakika kwamba uchaguzi wako uko hapo.

Nianze na la fomu, kwa kuwa lina njia fupi kidogo.

Asilimia 57 ni ya mkoa mzima wa Iringa, na ni ya watoto wote walio chini ya miaka mitano, kwa makadirio yaliyotokana na sampuli ya kaya. Ni namba nzito. Njombe na Rukwa, wenzetu wa nyanda za juu kusini, wako karibu asilimia 50, na hii ndiyo mikoa inayosifiwa kwa mahindi, viazi na maharage. Lakini namba hiyo haisemi lolote mahususi kuhusu vijiji vyenu vinane. Huenda huko ni zaidi, huenda ni pungufu. Ukiiandika kama mahali pa kuanzia, maana yake unaahidi kubadilisha namba ambayo hamuipimi ninyi, na itakayopimwa tena na watafiti wa taifa kwa ratiba yao, katika vijiji ambavyo pengine vyenu havimo. Hata mkifanya kazi ya ajabu, namba ya mkoa haitawaona.

Halafu kuna muda. Mtoto anahesabiwa amedumaa pale urefu wake unapokuwa chini sana ya urefu unaotarajiwa kwa umri wake, na sehemu kubwa ya hali hiyo hujengeka katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili. Mtoto ambaye leo ana miaka mitatu na amedumaa, mafunzo ya mama yake hayatamrudisha kwa kiasi cha kuonekana kwenye takwimu, ingawa bado atahesabiwa kwenye takwimu za walio chini ya miaka mitano. Miezi 18 haitoshi hata kumfuata mtoto mmoja tangu mimba hadi siku ya 1,000. Kellogg Foundation ya Marekani, ambayo mwongozo wake wa modeli ya mantiki wa 2004 umenakiliwa na wafadhili wengi, inaweka matokeo ya muda mfupi kati ya mwaka 1 na 3, ya muda mrefu kati ya miaka 4 na 6, na mabadiliko makubwa kati ya miaka 7 na 10. Kwa kipimo hicho, mradi wenu unaishia kwenye matokeo ya mwanzo. Msomaji wa fomu ambaye amezoea kazi yake anajua hivyo. Akikuta shirika la watu watano linaahidi kupunguza udumavu wa mkoa kwa karibu nusu ndani ya miezi 18, nina wasiwasi kwamba hataiona kama ari, ataiona kama ishara kwamba hawajakaa chini kufikiri.

Nasema nina wasiwasi, sisemi najua. Mama yako mdogo naye anaamini kinyume chake, na imani yake haikutoka hewani. Wapo wafadhili waliopenda ahadi kubwa, na yeye ameishi nao. Kwa hiyo kabla hamjabishana tena juu ya mfadhili huyu anapenda nini, lisomeni tangazo lake pamoja, neno kwa neno. Wameandika wanataka kupunguza udumavu, au wanataka kuboresha ulishaji wa watoto? Wanauliza mtafikia watu wangapi, au mtajuaje kwamba kuna kilichobadilika? Matangazo mengi huweka anwani ya maswali na tarehe ya mwisho ya kuuliza. Swali kama "Je, mnatarajia mradi wa miezi 18 upime udumavu wenyewe, au hatua zinazoelekea huko?" halimshushii mtu heshima, na jibu lake litakuwa la mfadhili, si lako wala la mama yako. Hilo peke yake linaweza kuwaondolea ugomvi nusu.

Ila kisanduku cha mwisho hakihitaji kubaki kitupu. Udumavu unaweza kukaa palepale kama mwelekeo ambao mradi unachangia, pamoja na kliniki, maji, bei za mazao, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na kazi ya maafisa lishe wa halmashauri. "Kuchangia kupungua kwa udumavu katika vijiji vinane" ni maneno ambayo mama yako anaweza kuyasaini akiwa na fahari, na wewe ukayasaini bila kudanganya. Namba za kujibana nazo mnaziweka kisanduku kimoja nyuma, mahali ambapo mnaweza kuziona kwa macho yenu: watoto wa miezi 6 hadi 23 ambao jana, mchana na usiku, walikula angalau makundi matano kati ya manane yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, maziwa ya mama yakiwemo, na watoto waliolishwa idadi ya milo inayofaa umri wao, kwa mfano angalau mara tatu kwa siku kwa anayenyonya wa miezi 9 na kuendelea. Hayo yanaulizwa nyumba kwa nyumba kabla mradi haujaanza na tena mwishoni. Hayahitaji ubao wa kupimia urefu wala mtu aliyefundishwa kuutumia, maana kwenye urefu wa mtoto mdogo kosa la sentimita moja au mbili linaweza kumhamisha kutoka kundi hili kwenda lile.

Angalizo moja la kitaalamu hapo, nalo nitalipita haraka: ulizeni msimu uleule. Mkiuliza mara ya kwanza Februari na mara ya mwisho Julai baada ya mavuno, mtaona maendeleo ambayo ni ya ghala, si yenu. Kwa mradi wa miezi 18 mtego huo uko karibu sana.

Sasa nije kwenye mshale.

Uliandika kwenye daftari, "Hawakosi elimu. Wanakosa muda." Nakuomba uyaangalie maneno hayo kwa utulivu, kwa sababu umeyabeba kama ukweli uliothibitika na hapohapo umeyapeleka kwa mtu kama ushahidi. Ulikwenda wakati wa palizi, ambao ndio wakati mbaya kuliko yote kwa mama wa huku nyanda za juu. Je, baada ya mavuno mtoto yuleyule anakula nini? Ulikwenda kwa wahitimu wenu. Je, jirani ambaye hakuwahi kuhudhuria anajua hayo makundi? Na yale mayai yanayouzwa kwa ajili ya mbolea, hilo ni suala la muda kweli, au ni la nani ndani ya nyumba anaamua yai liende wapi? Nyumba nyingine huenda ni baba, nyingine ni deni la duka la pembejeo. Inawezekana kabisa kwamba uko sahihi. Inawezekana pia umeona robo ya jambo, na robo hiyo ni ya kweli.

Kuna kitu kingine kwenye barua yako ambacho sidhani kama umekisikia ulipokuwa unakiandika. Yule mama aliyetoka alfajiri na jembe alikutajia makundi yote bila kukosea. Nani alimfundisha? Mshale wa kwanza, ule wa mafunzo kwenda kwenye kujua, umesimama, na aliyeusimamisha ni mama yako mdogo. Ulipokwenda kumweleza ulianza na mshale uliokwama ukaruka uliosimama. Mtu aliyeweka kiinua mgongo chake humo alisikia sehemu moja tu. Sikulaumu, kwa sababu wewe ulikuwa unawaza kazi. Nakuonyesha tu kwamba yapo mazungumzo ambayo bado hamjayafanya.

Na ule uji mweupe kwenye chupa, nani anayeumimina? Ni bibi. Kwa maelezo yako mwenyewe, anayemlisha mtoto kuanzia alfajiri hadi jioni wakati wa kilimo si yule anayeitwa kwenye mafunzo. Mimi hapo naona kisanduku cha shughuli kikiuliza swali la kawaida kabisa: orodha ya waalikwa ni sahihi? Kama bibi ndiye mlishaji, basi mafunzo hayakupotea, yalifika kwa mtu mmoja wakati mtoto yuko mikononi mwa mwingine. Na ni nani kwenye shirika lenu mwenye umri, sauti na historia ya uuguzi ya kumketisha bibi na kumweleza kuhusu uji, bila bibi kujiona anafundishwa malezi na mtoto? Siyo wewe, mwanangu, nisamehe. Ni yeye.

Lakini nisikufanye uone kama nimepata dawa, maana kila njia ina miiba yake. Mkiwafuata bibi, mtakuta wengine hawana nguvu ya kuwasha moto mara tatu kwa siku, na wengine wanalea wajukuu wanne kwa pamoja. Mkisema mjenge sehemu ya kulelea watoto mchana msimu wa kilimo, mnagusa muda hasa, na lipo jambo la kujivunia humo, kwa kuwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa 2021 imeelekeza macho ya nchi kwenye watoto hawa. Ila hapo mnahitaji maji, choo, walezi wanaolipwa au kupokezana, idhini ya ustawi wa jamii, na unga usio na sumukuvu, kwa sababu mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya zinaweza kumdhuru mtoto mnayetaka kumjenga. Hiyo ni kazi mpya kwa shirika la watu watano ambao hawajalipwa. Mkihamisha mafunzo kwenda miezi ya kiangazi na kuwaalika akina baba, ni rahisi zaidi, lakini hamjui bado kama baba akisikia ataliacha yai nyumbani. Kutumia Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kunapunguza gharama, ila siku hiyo huja mara moja kwa robo mwaka.

Ndiyo maana ile nafasi ya chini ya ukurasa, ya mambo ambayo ni lazima yawe kweli, naipenda kuliko visanduku vyote. Wengi huijaza mwisho kabisa kwa haraka: "amani itaendelea, mvua itanyesha, viongozi watatoa ushirikiano." Kwako wewe ndipo penye moyo wa andiko. Humo ndimo mnaweza kuandika kwamba mradi unategemea mlezi wa mchana awe amefikiwa, kwamba kaya itabakiza sehemu ya mayai na maziwa wakati wa kununua mbolea, na kwamba mama atapata angalau mlo mmoja wa kumwandalia mtoto mwenyewe kwa siku. Kisha mnaeleza namna mtakavyoangalia kama hayo ni kweli katika miezi ya mwanzo, na mtabadilisha nini yasipokuwa kweli. Shaka yako ina mahali pake rasmi kwenye fomu. Huhitaji kuificha wala kuitupa usoni kwa mtu.

Jamaa ya michoro hii ina historia inayofanana na nyumba yenu. Bango kitita, ambalo ni ndugu wa modeli ya mantiki, lilitengenezwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani. Wakati ule waliokagua miradi walikuta malengo yameandikwa kwa ujumla mno, haijulikani nani anawajibika kwa lipi, na tathmini zinaishia kwenye ugomvi, kwa sababu hakukuwa na makubaliano ya mapema juu ya nini kingehesabiwa kuwa mafanikio. Mchoro uliletwa ili watu wakubaliane kabla, wakiwa bado wanazungumza vizuri. Ukiutumia peke yako usiku kwenye kompyuta, halafu asubuhi ukampelekea mkurugenzi wako majibu, umeupindua.

Umetaja njia unazoziona, na zipo nyingine hukuzitaja. Nizipitie bila kukuchagulia.

Kuandika anavyotaka. Hili linalinda uhusiano kwa wiki chache. Mkipata fedha, andiko litaambatanishwa kwenye mkataba, na mwezi wa 18 mtu atauliza asilimia 30 iko wapi. Wa kujibu ni mratibu wa mradi, na nyuma yake mkurugenzi aliyesaini. Jina linaloweza kuumia hapo ni la kwake zaidi kuliko lako, na hilo ni jambo unaloweza kumwambia kwa upendo.

Kuandika unavyoona na kutuma, au kukataa jina lako lisiwekwe. Haki hiyo unayo. Lakini andiko ambalo mkurugenzi haliamini, yeye mwenyewe hatalitekeleza, na akina mama wa vijiji vinane watakutana na shirika lenye vichwa viwili. Kukataa kunaweza kukuacha na dhamiri safi. Kunaweza pia kukuacha na swali la muda mrefu, kama ulikataa kabla hujamaliza kuzungumza.

Mshauri wa Dar es Salaam. Kalamu ya kuazima si dhambi, na wapo wanaofanya kazi hii vizuri. Asilimia kumi ya ruzuku ndiyo inayonitia shaka. Wafadhili wengi hawaruhusu fedha ya mradi ilipe aliyeandika andiko, kwa hiyo ulizeni hiyo hela itatoka kwenye mstari gani wa bajeti na ripoti itaisemaje. Kiolezo chake kitakuwa na mishale, ila ni mishale ya vijiji vya watu wengine. Kama mnahitaji msaada, fikirieni kumlipa mtu kwa siku chache kwa kiwango kinachojulikana, awasomee na kuwauliza maswali, huku ninyi mkiandika.

Njia ambayo hukuitaja ni kumwomba mama yako mdogo mchore pamoja, mkianzia kulia kwenda kushoto. Si kwa kumpelekea rasimu. Karatasi kubwa mezani, kalamu mkononi mwake, na wewe unauliza: mtoto wa miezi kumi ambaye hatadumaa, siku yake ikoje? Nani anamshika saa tano asubuhi? Kabla ya hapo ni lazima kiwe kimetokea nini? Amekaa kliniki miaka mingi akiwapima watoto hawa na kujaza kadi zao. Siwezi kuamini kwamba hajawahi kumwona bibi akileta mtoto kwa sababu mama yuko shamba. Pengine hilo la muda analijua kabla yako, na analolikwepa ni kitu kingine: kwamba likisemwa kwa sauti, yeye hana la kulifanyia. Mtu anaweza kushikilia shughuli anayoijua kwa sababu ni hiyo tu ambayo mikono yake inaiweza. Swali alilokuuliza, kama amepoteza muda wa watu, linastahili jibu, na jibu unalo tayari kwenye ile ziara ya Februari.

Akina mama wawili watatu wa kijijini, na bibi mmoja, wakikaa kwenye meza hiyo, hata kwa asubuhi moja, mchoro utabadilika mbele ya macho yenu wote na hakuna atakayehitaji kumshinda mwenzake. Hatari yake ni kwamba wanaweza kusema jambo ambalo hata wewe hukulitarajia, na modeli yako nzuri nayo ikaanguka. Uwe tayari kwa hilo.

Na inaweza kutokea mkafanya yote haya na bado akataka asilimia 30 yake. Yeye ndiye mkurugenzi. Hapo utabaki na swali la saini yako, na hilo sitakujibia, kwa sababu ni wewe unayejua unamdai nini na unadaiwa nini. Ninachoomba ni kwamba usilijibu ukiwa na njaa ya mshahara na usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Kama tarehe ni mwisho wa mwezi ujao, swali kwa mfadhili litumwe wiki hii, na karatasi kubwa iwekwe mezani kabla ya wiki ijayo kwisha. Anza na chai ya saa nne. Usiende na fomu siku hiyo, nenda umsimulie yule mama aliyetaja makundi yote, umuulize angeanza kumfundisha nani kati ya bibi wa kijiji kile.

Mkishachora, nitumie picha ya karatasi hiyo bila majina, nami nitawarudishia maswali yangu kabla hamjaituma.